Laptopu ikianza kusema yenyewe, zima njia ya mkato, usifute programu

Kibodi ya laptopu ikikataa kuandika ghafla, kabla hujatoa hata shilingi moja fanya hivi: shikilia kitufe cha Shift cha upande wa kulia, hesabu polepole hadi nane, kisha achia. Ukisikia mlio, jaribu kuandika tena. Mara nyingi herufi zitarudi. Kibodi haikuwa imekufa. Ilikuwa imeamriwa isikijali kidole kinachogusa na kuondoka haraka, imsubiri mtu anayebonyeza na kushikilia.

Kwenye Windows jambo hilo linaitwa Filter Keys. Wengi hapa kwetu hawajawahi kulisikia jina hilo, ila wamelilipia.

Nina duka la huduma za kompyuta Busia, upande wa Uganda, si mbali na geti la forodha. Tunachapa barua za kupeleka kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, tunaskani vitambulisho, tunajaza fomu za kodi kwa wafanyabiashara wasio na muda au wasio na mtandao. Mchana jua likiwaka wanafunzi hujazana kwa sababu nina feni. Sifanyi kazi ya kuchomelea bodi. Lakini laptopu zinazosema zenyewe, zinazokataa kuandika, zinazogeuka rangi usiku mmoja, hizo huja kwangu bila kukoma, na inaniuma kuona watu wanavyotozwa kwa kitu kinachozimika kwa vitufe vitatu.

Mwaka jana alikuja binti wa kidato cha tano (S.5) kutoka Lumino, amebeba laptopu na kibodi ya nje ya waya, mpya, bado ina nailoni yake. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kibodi ya ndani imeungua kwa sababu ya umeme, akamuuzia ile ya nje. Ya nje nayo ikawa bubu. Aliporudi akaambiwa basi ni bodi yenyewe, alete shilingi 150,000. Baba yake alikuwa tayari anatafuta mtu wa kununua mbuzi. Nilimwambia abonyeze herufi A na asiiachie. Baada ya kama sekunde moja herufi ikatokea. Kitufe kilichoungua hakiandiki hata ukikishikilia hadi jioni, kwa hiyo hapo tayari tulijua kibodi ni nzima. Filter Keys haikai kwenye kibodi, iko ndani ya Windows, katika akaunti ya anayetumia, na ndiyo maana hata ungechomeka kibodi kumi, zote zingekuwa bubu vilevile. Mdogo wake alikuwa akicheza mchezo wa magari ambao gari huenda mbio kwa kushikilia Shift. Alishikilia ya kulia, kisanduku cha swali kikatokea, akabonyeza Enter ili mchezo uendelee.

Hicho kisanduku ndicho chanzo cha mengi. Windows haiwashi mambo haya kimyakimya, hulia na kuuliza kwanza. Ila swali linakuja kwa Kiingereza, linamkuta mtu katikati ya kazi, na mkono wa mchapaji umezoea Enter. Enter maana yake ni ndiyo.

Ndugu yake Filter Keys ni Sticky Keys. Huyu huamshwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Watu wanaofuta vumbi kwenye kibodi huku kompyuta inawaka wanamjua bila kumjua. Akiwa macho, ukigusa Ctrl na kuiachia, kompyuta inaihesabu bado imeshikwa hadi ubonyeze kitufe kinachofuata. Matokeo yake unagusa Ctrl bila kukusudia, unaandika P, na badala ya herufi unaona dirisha la kuchapa. Kuna pia Toggle Keys, anayelia kila ukigusa Caps Lock. Ukishikilia Num Lock sekunde tano huwaka, na ukirudia huzimika. Huyo hana madhara, ila kelele zake zinachosha ofisi nzima.

Anayeogofya watu kuliko wote ni Mouse Keys. Mawakala wa forodha hapa Busia huandika tarakimu kutwa: namba za makontena, za magari, za mlipakodi, uzito, thamani. Wanatumia zile tarakimu za upande wa kulia wa kibodi bila kuziangalia. Sasa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock zikibonyezwa pamoja, kisha Enter, tarakimu zinageuka usukani wa mshale: 8 inaupandisha, 2 inaushusha, 4 na 6 zinaupeleka kando, na 5 inabofya. Wakala mmoja alinijia akitetemeka, akiwa na hakika kwamba kuna mwizi aliyeingia kwenye kompyuta yake kutoka mbali na anausogeza mshale. Alikuwa amekwisha badilisha maneno yote ya siri, ameipigia benki, na malori mawili yanasubiri hati. Kila alipoandika thamani ya mzigo, mshale ulikwenda ukabofya kitu asichokitaka. Tulibonyeza vitufe vilevile vitatu tena, mshale ukatulia.

Dawa ya jumla iko mahali pamoja. Shika kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza U. Kwenye Windows 10 ukurasa unaofunguka unaitwa Ease of Access, kwenye Windows 11 unaitwa Accessibility. Nenda palipoandikwa Keyboard; Mouse Keys peke yake yuko palipoandikwa Mouse. Kwa kila mmoja wa wale wa Keyboard utakuta swichi mbili. Moja inawasha na kuzima kitu chenyewe. Ya pili inahusu njia ya mkato, yaani ile Shift mara tano, ile Shift ya sekunde nane. Wengi huzima ya kwanza, wakashukuru, na wiki ijayo mtoto anabonyeza tena na kilio kinaanza upya. Zima ya pili. Kitu kitabaki ndani ya kompyuta, kizima, kinasubiri atakayekihitaji, lakini hakitaamshwa tena na kitambaa cha kufutia vumbi.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu mazungumzo mengi ninayoyasikia kuhusu mambo haya yanaishia kwenye kuzima, na anayezima huwa amekasirika. Nimesikia mtu mzima anauliza kwa hasira ni nani aliyeweka upuuzi huu kwenye kompyuta. Walioweka wanajulikana. Nyingi za njia hizi za kibodi zilibuniwa katika kituo cha utafiti cha Trace, Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, chini ya Gregg Vanderheiden, na ilipotoka Windows 95 zilikuwa tayari zimewekwa ndani yake. Shift mara tano haikuchaguliwa ili kuudhi. Fikiria mtu asiyeweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, asiyeweza kushika kipanya, na kompyuta si yake, ni ya shule au ya ofisi. Atafikaje kwenye ukurasa wa setingi ili ajiwashie msaada? Hawezi. Kwa hiyo walihitaji ishara ambayo mtu huyo anaweza kuitoa kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta yoyote, bila kumwomba mtu, na ambayo wengine hawaifanyi mara kwa mara. Shift ikibonyezwa peke yake haiandiki kitu, na kuirudia mara tano si jambo la kila saa. Nikilitazama hivyo naona akili na upole mkubwa ndani yake. Bado nazima njia ya mkato kwenye laptopu ya mwanafunzi anayecheza michezo. Siikasirikii tu.

Tuje kwenye sauti, maana hiyo ndiyo inayoleta watu mbio.

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa ni za mitumba, zimetoka Ulaya au zimepitia Dubai. Mtu ananunua, anaiwasha nyumbani usiku, na sauti ya Kiingereza inaanza kusoma kila kitu: jina la dirisha, kila herufi anayoandika, hata vitufe ambavyo hajabofya. Mstari wa buluu unazunguka kila anachogusa. Caps Lock haifanyi kazi kama kawaida. Hiyo ni Narrator, msomaji wa skrini wa Windows, na yupo tangu Windows 2000. Kumzima, shika kitufe cha Windows na Ctrl, bonyeza Enter. Vitufe hivyohivyo ndivyo humwasha, na ndiyo maana mtu aliyetaka kubonyeza Ctrl na Enter ili aanze ukurasa mpya hujikuta naye. Na Caps Lock haijaharibika. Narrator anaitumia kupokea amri, ukiibonyeza mara mbili haraka itafanya kazi yake ya siku zote.

Kama sauti inaanza kabla hujaandika neno la siri, basi yupo aliyeiagiza ianze hapo. Fungua Narrator kwenye ukurasa uleule wa Windows na U, tafuta palipoandikwa kuhusu kuanza kabla ya kuingia, toa alama. Kuna moja ya kabla ya kuingia na moja ya baada ya kuingia, na mtu akitoa moja tu hurudi kwangu kesho yake akisema haikusikia. Kwenye skrini ile ya kuingilia pia, pembeni chini kulia, kuna alama ndogo ya vifaa hivi. Ukiwa umekwama pale na sauti inakukoroga, bofya hapo uzime kwanza, kisha uandike neno la siri kwa utulivu.

Skrini iliyokuzwa hadi unaona kona moja tu ni Magnifier: kitufe cha Windows na Esc. Skrini iliyogeuka nyeusi na maandishi ya njano au kijani ni utofautishaji mkali wa rangi: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen, vyote pamoja. Hayo mawili sina la kuongeza.

Udhibiti wa sauti ni habari nyingine. Hapo kompyuta haisemi, inasikiliza. Kwenye Windows za zamani kuna Speech Recognition, iliyokuja na Vista, na kipau chake chenye maikrofoni hukaa juu ya skrini. Windows 11 ilipata Voice Access mwaka 2022, na kuanzia Septemba 2024 hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Mbali na hizo kuna kuandika kwa sauti, inayofunguka kwa kitufe cha Windows na H, na hii ndiyo hufunguka kwa bahati mbaya mara nyingi zaidi, kwa sababu ni vitufe viwili tu.

Jirani yangu anayeuza mbegu na dawa za mifugo alikuwa akiandika orodha ya bei. Redio yake haizimwi, asubuhi taarifa ya habari, mchana muziki, na nje kuna kijana wa kipaza sauti anayetangaza viatu. Speech Recognition ilikuwa imewaka kwenye laptopu yake tangu ainunue na yeye alidhani kile kipau ni cha kupiga simu. Orodha ya bei ikajaa maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu, madirisha yakajifungua na kujifunga. Programu ile haikutengenezewa Kiswahili wala Kisamia wala Kiganda. Inapokea sauti zetu na kuzilazimisha ziwe maneno ya lugha inayoijua. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kuna mkono wa mtu. Sikumcheka, kwa maana mtu akiona kompyuta inaandika yenyewe usiku dukani peke yake ana haki ya kuogopa.

Ile ya zamani, bofya kipau chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Exit. Kisha nenda Control Panel, sehemu ya Speech Recognition, kwenye chaguo za ziada, utoe alama inayoifanya ianze kila kompyuta inapowaka. Voice Access unaizima kwenye Accessibility, sehemu ya Speech, na hapohapo kuna alama ya kuanza baada ya kuingia. Itoe pia. Ile ya Windows na H unaifunga kwa vitufe hivyohivyo.

Kisha kuna maikrofoni yenyewe. Kwenye setingi za faragha pana sehemu ya Microphone inayoonyesha ni programu zipi zinaruhusiwa kusikiliza. Ipitie. Watu huniuliza kama sauti zao zinapelekwa mahali. Jibu linategemea ni ipi. Voice Access inasikiliza na kuelewa ndani ya kompyuta yako, hata bila intaneti. Kuandika kwa sauti kwa Windows na H kunapeleka sauti kwenye mitambo ya Microsoft, na hapo bando lako pia linatumika. Kwa mtu anayeandika mambo ya wateja wake, ukaguzi huu una uzito, na namshauri aizime kabisa kwenye setingi za faragha, sehemu ya Speech, kama haitumii.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike haya yote. Mafundi kadhaa, nisiowataja, wana dawa moja ya kila ugonjwa: wanafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Laptopu inasema yenyewe, wanafuta. Mshale unatembea, wanafuta. Mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha akiba alipoteza kumbukumbu za michango ya wanachama namna hiyo, na karatasi alikuwa ameacha kuandika kwa sababu alikuwa na kompyuta. Walikaa wiki nyingi wakibishana nani alitoa nini, watu waliokuwa wakiaminiana. Na Windows ikiwekwa upya, njia za mkato zote zinarudi zikiwa wazi. Kwa hiyo amepoteza kazi yake, amelipa, na ugonjwa wenyewe uko palepale unamsubiri mtoto wa Shift.

Wengine hawafuti Windows, wanang'oa kila kinachotoa sauti. Hapo ndipo panapoumiza mtu ambaye huwa hatumfikirii.

Kuna mwalimu wa Kiswahili anayetoka Masafu, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa tayari kazini. Anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo haiuzwi, unaipakua bure. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni, baadaye akaungana na James Teh. Wakati huo programu za namna hiyo ziliuzwa kwa mamia ya dola, na walitaka asiyeona asilipe zaidi ya anayeona ili kutumia kompyuta ileile. Sauti inayokuja nayo, eSpeak, inasoma hata Kiswahili. Inasoma kwa namna ya kikavu, kama chuma, lakini inasoma. Ukimpa Narrator mwenye sauti ya Kiingereza ukurasa wa Kiswahili, kinachotoka hata mimi ninayeona siwezi kukifuata. Mwalimu ameizoea eSpeak hadi ameiongeza kasi kiasi kwamba mtu mwingine akisikiliza haokoti neno, na yeye anasahihisha insha za darasa zima zilizotumwa kwa barua pepe huku anakunywa chai.

Alipeleka laptopu yake kubadilisha betri. Ilirudi ikiwa kimya. Fundi, kwa nia njema kabisa, alisikia ile sauti ya haraka, akadhani ni hitilafu, akaiondoa NVDA, akazima Narrator na njia yake ya mkato, na hakumtoza kwa hilo. Mwalimu alifika nyumbani akafungua laptopu yenye betri mpya, na hakuna alichoweza kufanya nayo. Hakuweza kuwasha Narrator ili imsaidie kutafuta NVDA, kwa sababu kile kitufe cha Windows na Ctrl na Enter, mlango wa mwisho aliobaki nao, kilikuwa kimefungwa. Ilibidi amsubiri mpwa wake atoke shule ya bweni, halafu wakaja wote wawili kwangu. Kuirudisha ilituchukua muda mfupi tu. Nilimwekea NVDA ianze yenyewe baada ya kuingia, tukahakikisha Ctrl na Alt na N zinaifungua kama itazimika. Kilichokuwa kimepotea ni zile siku za katikati, insha zikikusanyika, na wazazi wakianza kuuliza shuleni kama mwalimu ataweza kuendelea. Nilipomuuliza kama alimlalamikia yule fundi alisema, "Dada, yeye alidhani ananisaidia. Hakuna aliyemwambia."

Kwa hiyo ndiyo naandika, ili aambiwe, yeye na wengine. Kabla hujagusa chochote kwenye kompyuta ya mtu, uliza nani mwingine anaitumia. Swali hilo ni dogo na linafungua mengi. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja aliyetaka Magnifier iondolewe kabisa, akakumbuka kwamba mke wake husomea hapo namba za risiti. Tukaiacha, tukamfundisha Windows na Esc.

Nyumba yenye kompyuta moja na watu wengi, namna bora ni kila mtu awe na akaunti yake. Setingi hizi za kibodi hukaa ndani ya akaunti. Mtoto akiwa na yake, na njia za mkato zimezimwa humo, anaweza kucheza mbio za magari hadi achoke bila kumharibia mama yake fomu. Skrini ya kuingilia ina setingi zake peke yake, na hapo mimi naacha mambo kama yalivyo, kwa ajili ya yeyote atakayehitaji msaada kabla hata ya kuingia.

Kwa Mac, kompyuta za Apple, sina mengi, hapa zinakuja chache. VoiceOver, msomaji wake wa skrini, inawashwa na kuzimwa kwa Command na F5. Zile zenye kitufe cha alama ya kidole, shika Command na ubonyeze kitufe hicho mara tatu haraka. Voice Control, inayosikiliza amri za sauti, iko kwenye Accessibility ndani ya setingi. Simu za Android ndizo nyingi, na TalkBack, msomaji wao wa skrini, ikiwaka mwenye simu hudhani imekufa, kwa kuwa kugusa mara moja kunachagua tu. Gusa mara mbili ili kufungua, tumia vidole viwili kusogeza ukurasa. Ila kabla ya hayo yote jaribu kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu, kama njia hiyo ya mkato imewekwa, TalkBack itazimika.

Kuna mama mmoja mshonaji aliyepata kiharusi, mkono wa kushoto haumtii tena. Anataka kuendelea kuandika oda na vipimo vya wateja wake kwenye kompyuta. Kwake Sticky Keys ndiyo kila kitu: Ctrl, halafu C, kwa kidole kilekile. Lakini ilikuwa ikijizima, na alikuwa akilia nayo. Sababu ni kwamba Windows imewekwa kuizima Sticky Keys vitufe viwili vikibonyezwa kwa pamoja, ikidhani huyo ni mtu mwenye mikono miwili aliyeiwasha kwa bahati mbaya. Ule mkono wake mgonjwa ulikuwa ukiangukia kibodi na kugusa viwili. Kwenye ukurasa wa Sticky Keys kuna alama ya jambo hilohilo, tukaitoa. Kama una mzazi au jirani wa namna hiyo, kaitafute alama hiyo leo.

Dukani kwangu kompyuta za wanafunzi nimezima njia za mkato zote. Ile iliyo karibu na mlango sikuizima chochote. Ina NVDA yenye sauti ya Kiswahili, ina Narrator, ina spika za masikioni zinazofanya kazi, na anayeihitaji halipi saa ya kwanza. Asubuhi kabla ya saa nne huwa haina mtu, kwa hiyo ukitoka Majanji, Dabani au hata Tororo, panga kufika mapema.